Komeo, Birika na Maji ya Takwa

Mama mkwe wangu ndiye aliyekata shauri kwamba ukoo mzima uende Lamu. Wanawe walikuwa wamefikia kutosemezana kwa sababu ya nyumba ya Mji wa Kale, Mombasa, waliyoachiwa na marehemu baba yao. Dari ya ghorofa ya juu ilivuja kila masika. Boriti mbili zilikuwa zimeoza vichwa pale zinapoingia ukutani, na ukuta wa chumba cha uani ulitoa chumvi nyeupe, ukiugusa unamomonyoka. Shemeji yangu mkubwa, ambaye ni mkandarasi, alitaka dari ing'olewe, imwagwe zege, na kuta zote zipigwe saruji. Wifi yangu alitaka nyumba iuzwe, kila mtu achukue fungu lake ashike njia yake. Mume wangu hakutaka kuuza wala kuvunja, lakini kila alipoulizwa atafanya nini alijibu, "Tutaona."

Mama aliwasikiliza wote mpaka wakachoka. Kisha akasema, "Nyie mwagombania kitu msichokijua. Twendeni kwetu Lamu, mukaone nyumba za mawe ni nini. Mukirudi, atakayetaka kuvunja na anambie hapo."

Mama alizaliwa Lamu, mtaa wa Mkomani, akaja Mombasa akiwa bibi harusi. Hakuna aliyethubutu kumkatalia.

Basi lilitutoa Mombasa gizani, likapita Malindi, Garsen na Witu, likatushusha Mokowe. Bara inakomea hapo. Mbele ni bahari, mikoko na maboti. Mama alikuwa amefunga mzigo wa kuhama: sufuria, mbuzi ya kukunia nazi, chujio, viungo, na begi moja kubwa la nguo za watu wote, kwa kuwa hakutaka kila mtu aje na begi lake. Gatini wachukuzi walikuwa wakipakia maboti mawili kwa wakati mmoja, moja la Lamu na jingine la Faza, kisiwani Pate. Tuliposhuka Lamu sufuria zilikuwepo na mbuzi ilikuwepo. Nguo zilikuwa zimekwenda Faza.

Mwenye nyumba aliyetupangisha alituonea imani. Aliingia kabatini kwake akatoka na leso, kanzu za wanawe na vikoi, akatugawia bila kuuliza tutakaa navyo mpaka lini. Shemeji, ambaye sijapata kumwona nje ya suruali, alitembea Lamu kwa kikoi na kofia ya kazi ya mkono. Alipopita barazani wazee walimsalimu kana kwamba wanamjua. Mama alifurahi sana kumwona hivyo. Begi lilirudi baadaye juu ya magunia, halikupungua hata kitambaa.

Nyumba yenyewe ilikuwa Mkomani, nyuma ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji, katika vichochoro ambavyo punda wawili wakikutana na mizigo, mmoja hana budi kurudi nyuma. Mlango wake ulikuwa wa mbao zilizochongwa, mbawa mbili, na kwa ndani hufungwa kwa komeo. Magharibi moja tulikuwa tumeketi wote dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni, tukipunga upepo, kitindamimba wangu akabaki ndani akicheza. Akasukuma mbawa, akatia komeo. Alipotaka kulitoa lilikataa, naye akaanza kulia. Tulimwelekeza kwa sauti kutoka nje, mume wangu kwa upole, shemeji kwa ukali, na kila mmoja wao akimwambia mwenziwe anyamaze. Kilio kilizidi. Shemeji akainuka, akasema atauvunja ubao mmoja, kesho yake atautengeneza.

"Mlango huo una umri kukushinda wewe na baba yako," Mama alimwambia. "Keti."

Dirisha la nyumba ya mkabala likafunguka. Jirani akachungulia. "Msivunde, mama zangu. Piteni kwangu."

Tulipanda ngazi zake nyuma yake. Juu palikuwa na wikio, chumba kilichojengwa juu ya kichochoro kikiunganisha nyumba yake na yetu. Upande wa pili, nyuma ya kabati ambalo tulidhani limeegemea ukuta mtupu, palikuwa na kimlango. Shemeji na mume wangu walilisukuma kabati pamoja. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kushika kitu kimoja wote wawili. Mtoto alipatikana chini, amelala kwenye mkeka kwa kuchoka kulia.

Jirani alitukirimu kahawa na halua, akatueleza. Nyumba hizi mbili zilikuwa za ndugu. Mara nyingi wikio hujengwa hivyo Lamu, kuunganisha jamaa, ili wanawake wapite nyumba kwa nyumba bila kushuka njiani, mgonjwa atazamwe usiku, chungu cha mchuzi kivuke kikiwa moto. Tena wikio huongeza chumba pasipo na ardhi ya kuongeza, na huwapa kivuli wapitao chini. Mama alimsikiliza, kisha akawaambia wanawe neno moja tu: "Ndugu walipojenga, waliachiana mlango." Wifi yangu aliinamia kikombe chake.

Kesho yake tulikwenda kwenye nyumba ya makumbusho, nyumba ya karne ya 18 iliyotengenezwa upya ili watu waone maisha yalivyokuwa. Shemeji alichukua futi yake ya kupimia. Alipima chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu, akasimama. Vyote ni virefu, lakini upana wa kila kimoja haufiki mita 3. Mwangalizi wa nyumba akamwonyesha dari. Upana wa chumba huamuliwa na boriti ya mkoko, na boriti haibebi paa la mawe na chokaa zaidi ya kipimo hicho. Boriti hizo hukatwa kwenye mikoko ya visiwa hivi hivi, na kwa karne nyingi majahazi yalizipeleka Uarabuni na Ghuba, ndiyo maana na huko nyumba nyingi za kale zina vyumba vyembamba.

Unapoingia nyumba ya Kiamu unapita daka, kisha tekani, kiukumbi cha ndani ya mlango, kisha kiwanda kilicho wazi kwa mbingu. Kutoka kiwandani vyumba vinafuatana, kila kimoja kimejificha zaidi ya kilichotangulia na kimeinuka kidogo: msana wa tini, msana wa yuu, halafu ndani. Ukuta wa ndani umejaa zidaka, safu kwa safu za vijishubaka vya kuwekea vyombo vya kaure na vitabu, zimechongwa kwa chokaa mpaka jicho linashindwa kutulia. Nyuma yake ni nyumba ya kati, chumba cha giza ambamo mwanamke alijifungulia na maiti ikaoshwa. Mama alisimama mlangoni pa chumba hicho kwa muda, akasoma Fatiha.

Mwanangu mkubwa aliuliza nani aliyabeba mawe yote hayo. Ni swali la haki, na haifai kulipita haraka. Watumwa walichimba mawe, walichoma chokaa, walilima mashamba ya bara yaliyolipia fahari ile, na hawakulala kwenye vyumba vya zidaka. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, siku ambazo babu zake Mama walikuwa hai. Mama mwenyewe ndiye aliyemjibu mtoto, hakumpunguzia kitu. Alimwambia kwamba anayezipenda nyumba hizi lazima awaombee na waliozijenga bila ujira.

Jirani na hapo fundi mmoja mzee alikuwa akitengeneza ukuta. Shemeji alimsogelea kwa heshima ya watu wa kazi moja, na mimi nikasikiliza, kwa kuwa ukuta ule ulikuwa ukitoa chumvi nyeupe sawasawa na wetu. Fundi alieleza kwamba kuna mawe ya aina mbili. Yako ya kuchimba nchi kavu, magumu, ya kujengea kuta nene. Na yako matumbawe, yaliyokatwa baharini, ambayo yakiwa mabichi huchongeka kwa urahisi, kisha hukauka juani yakawa magumu. Hayo ni ya milango, matao na mapambo. Yote mawili hunywa maji. Chokaa nayo hunywa maji na kuyatoa, kwa hiyo ukuta ukilowa masika, hukauka kiangazi. Saruji haiyatoi. Ukiupaka ukuta huu saruji, unyevu hufungika ndani, chumvi hutafuta pa kutokea, jiwe likawa unga nyuma ya plasta iliyo nzima, na vichwa vya boriti vikaoza mahali usipoviona.

"Na zege juu?" shemeji aliuliza.

"Zege ni zito, na ukuta huu haukuwekewa hesabu hiyo. Tena mkitumia mchanga wa pwani una chumvi. Chuma kikishika kutu hufura, zege likapasuka. Wewe ni fundi, bwana, wayajua haya."

Shemeji alinyamaza. Aliyajua.

Nyumba tuliyopanga ilitupa somo lake pia. Chooni palikuwa na birika la mawe la maji ya kuogea, na humo birikani waliogelea samaki wadogo. Mwenye nyumba alitueleza siku ya kwanza kwamba samaki hao hula viluwiluwi vya mbu. Watoto waliwapenda mno. Siku moja pampu ya mtaa iliharibika, na kabla watu wazima hatujajua, watoto walikuwa wameoga kwa kata mpaka wakalimaliza birika. Yowe lililotoka chooni lilituinua sote. Binti wa wifi yangu alikuwa amesimama anatetemeka, akisema wamewaua samaki.

Mama aliinama birikani akatuita. Katikati ya sakafu ya birika palikuwa na bakuli la kaure ya Uchina, limezamishwa ndani ya chokaa. Maji yalikuwa yamebaki humo bakulini, na samaki wote walikuwa wamekusanyika ndani, wazima. Waliojenga walijua kwamba ipo siku maji yataisha, wakawawekea viumbe hao mahali pa kungojea. Mume wangu alichukua madumu akaenda kutafuta maji, akarudi na punda wa kukodi na mtu wa punda, na wote tukalijaza birika kwa mikono yetu. Sijamsikia akisema "Tutaona" tangu siku ile.

Ngome ya Lamu, katikati ya mji, ilianza kujengwa karibu na mwaka 1813, baada ya watu wa Lamu kuwashinda Wapate na Wamazrui wa Mombasa katika vita vya Shela, ikamalizika mwaka 1821 kwa msaada wa Seyyid Said, mtawala wa Omani. Tangu mwaka 1910 mpaka 1984 ilikuwa gereza. Sasa imo mikononi mwa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, na ndani yake yamo maonyesho. Watoto walizunguka ukuta wa juu wakihesabu mapaa. Mimi nilitazama jinsi kuta zake zilivyo nzima, nikafahamu sababu. Jengo hili halikupata kukaa bila mtu. Hata katika miaka yake ya huzuni palikuwa na mkono wa kuziba ufa na kupaka chokaa.

Palipokosa mtu tulipaona Takwa. Ni mji uliobaki magofu kisiwani Manda, ng'ambo ya Shela, uliostawi karne ya 15 mpaka ya 17. Njia yake ya maji ni mkondo mwembamba kati ya mikoko, na hupitika maji yakijaa tu. Nahodha alituonya tangu tunapanda mashua: "Leo ni bamvua. Maji yajaa sana na yapwa sana. Nikiita, mje."

Msikiti wa Takwa umesimama bila paa, na juu ya ukuta wa kibla pana nguzo ndefu. Mibuyu imeota kati ya nyumba. Nje ya ukuta wa mji liko kaburi la nguzo lenye maandishi ya mwaka 1094 wa Hijria, na watu wa Shela, ambao hujihesabu kuwa wana wa Takwa, bado huenda kuomba dua ya mvua hapo. Mama alitaka kusali rakaa mbili. Akasali, akaketi na tasbihi yake. Nahodha akaita. Tulitazamana. Nani atamharakisha mama aliye kwenye dua? Nahodha akaita tena, na Mama akamaliza kwa wakati wake.

Mashua iliondoka, ikapita kona ya kwanza, na kwenye kona ya pili ikakaa juu ya tope. Nahodha na mwanawe walisukuma kwa upondo, wanaume wakashuka wakasukuma kwa mabega, wakazama mpaka magotini. Maji yaliendelea kutoka. Punde tulikuwa tumeketi ndani ya mashua iliyolala ubavu, mikoko huku na huku, kaa wakipanda mizizi, na hapakuwa na la kufanya ila kungoja maji yajae tena, saa nyingi baadaye, usiku.

Chakula kilikuwepo: mikate ya mofa, samaki wa kupaka, ndizi. Maji ya kunywa yalikuwa dumu moja, na mchana watoto walikwisha kulishusha nusu. Mama alilichukua akaliweka miguuni pake, akawa anagawa kwa kifuniko. Ndipo kitindamimba wangu alipouliza watu wa Takwa walikuwa wakinywa nini.

"Walikuwa na visima," nahodha alimwambia. "Wazee wasema viliingia chumvi. Wakavuka wakaenda Shela. Kule yako matuta ya mchanga, na chini ya mchanga yako maji matamu. Hata Lamu mjini twanywa maji ya matuta hayo. Ndio maana twapigana yasijengwe juu."

Pakawa kimya. Tulikuwa tumeuona mji mzima wenye msikiti, ukuta na milango, uliohamwa kwa ajili ya kitu ambacho Mama alikuwa akitupimia kwa kifuniko. Na tulikuwa tunatoka katika nyumba yenye maji yasiyotakiwa, yanayoingia kwa juu, na ndugu watatu wanaoyatazama. Nyumba ya mawe haifi kwa uzee. Hufa maji yakikosa mtu wa kuyasimamia, yaje pale yanapotakiwa na yatoke pale yasipotakiwa.

Shemeji ndiye aliyeanza. Alisema, bila kumtazama mtu, kwamba chokaa itachukua muda mrefu kuliko saruji, na mafundi wake ni wachache, lakini kazi inawezekana. Wifi yangu alimjibu kwamba yeye hana fedha za kuzika ukutani. Ana watoto wa kusomesha, na nyumba hiyo haijampa hata shilingi. Alisema kweli, na hakuna aliyemkatiza. Mume wangu akasema ghorofa ya chini ipangishwe, kodi iende kwa dada yao mpaka fungu lake litimie, na yeye na kaka yake wabebe gharama ya dari. Walibishana juu ya kiasi, wakabishana juu ya nani atashika daftari, wakainua sauti mpaka ndege wakaruka mikokoni. Safari hii hakuna aliyeweza kuinuka akaondoka. Mama hakuingilia. Aligawa maji.

Usiku mwingi mashua ilitikisika, ikainuka. Nahodha akashika upondo, akatutoa kona kwa kona, mpaka tukaona taa za Shela.

Tuliporudi Mombasa dari ilifunguliwa kabla ya masika. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, kwa hiyo shemeji aliomba ruhusa kwanza, naye alisimamia kazi mwenyewe, kwa boriti na kwa chokaa. Mafundi walikuta mlizamu wa paa umezibwa. Miaka iliyopita mtu aliziba ufa kwa saruji, saruji ikaingia kinywani mwa mlizamu, na tangu hapo kila mvua ilitafuta njia kupitia vichwa vya boriti. Nyumba ambayo ilikaribia kuwatenga ndugu ilikuwa ikidai kuzibuliwa kinywa kimoja. Mengine yaligharimu, na daftari la wifi yangu linaonyesha kila senti. Ndiye waliyemchagua kulishika.

Nyumba za namna hii bado ziko Mombasa, Lamu, Pate, Malindi, Unguja na Pemba, na nyingi zina warithi wanaosema "Tutaona." Nawasihi msingoje. Wapelekeni watoto Lamu wakaone wikio na birika, wajue kwamba waliotutangulia walifikiri sana kabla ya kuweka jiwe, na wajue pia nani alilibeba jiwe hilo. Andikeni jina la mtu mmoja katika ukoo atakayeshika nyumba mwaka huu, na la mwingine mwakani. Na kabla ya kila masika apande paani, afagie majani, azibue mlizamu, atazame nyufa. Asiyeweza tena kupanda amtume mwanawe, asimame chini, amwelekeze.